Salamu ya Saa Saba

Vumbi la Itigi halina haraka. Huinuka nyuma ya ng'ombe, huvuka reli, huingia dirishani kwa Mzee Chediel bila kupiga hodi, na likishaingia limehamia. Hukaa juu ya meza. Hukaa juu ya kofia yake ya kazi ya zamani. Hukaa juu ya redio kubwa ya masafa mafupi, ambayo kila asubuhi huifuta kwa kitambaa laini, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Na ndani ya redio kuna vumbi jingine, vumbi la sauti. Zungusha kitufe kati ya kituo na kituo utalisikia, shhh, jepesi, pana, lisilo na ukingo. Na humo mara anaibuka mtu anayeimba kwa Kichina, mara anayesoma habari kwa Kiarabu, mara wawili wanaosalimiana kutoka pande mbili za dunia utadhani wametenganishwa na barabara tu. Miaka thelathini na mmoja Chediel alikaa stesheni akipokea treni kwa simu. Alipostaafu hakujua masikio yake ayapeleke wapi, akayapeleka humo.

Leo ni tarehe thelathini na moja ya Desemba, mvua imechelewa, na redio hajaifuta.

Nikuambie mapema, maana sipendi kumzungusha msomaji: huyu mzee ana aibu. Angekuwa amekamatwa, angepata ahueni, kwa kuwa watu husema wee, wakachoka, wakapata la mwingine. Yake ni aibu ya mtu anayesifiwa. Mwaka mzima anasifiwa, na mwaka mzima anaitikia kwa kutikisa kichwa.

Wengi hudhani Mwaka Mpya huingia usiku. Kwa Chediel huingia saa saba mchana, jua likiwa la utosini. Saa hiyo ndipo visiwa vya mbali kabisa vya Pasifiki vinapovuka usiku wao wa manane. Saa nane inavuka Nyuzilandi. Saa kumi inavuka Australia ya mashariki. Saa kumi na mbili jioni inavuka Japani, na Itigi bado iko mwaka ule ule wa zamani, inachambua mchele wa sikukuu.

Majirani huja na vigoda vyao. Chediel amefunga waya kutoka paani hadi kwenye nguzo ya choo, ameegemeza ubao mweusi ukutani, ana chaki mfukoni. Mtangazaji akitaja mahali kwa Kiingereza, yeye hutafsiri, huandika ubaoni, hugeuka. "Wameingia," husema. Ni neno moja tu, lakini ungemwona anavyolisema ungedhani ni yeye aliyewafungulia mlango.

Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Kuulizwa, "Mzee, sasa wanafuata akina nani?" na kuinua kidole kidogo, ngoja kwanza, na watu kumi na watano wazima kungoja kidole hicho. Ukiwa stesheni ukapokea treni miaka thelathini na mmoja, hakuna aliyewahi kukupigia makofi.

Kando ya redio kubwa kuna nyingine ndogo, skana, inayozunguka chaneli moja baada ya nyingine ikitafuta anayezungumza; ikimpata husimama, na taa yake ya kijani huwaka. Hiyo haikuletwa kwa starehe. Ni ya kikundi cha warina asali. Kwenye vichaka vya Itigi mtandao wa simu haufiki, miti imeshikana kama nywele zisizochanwa, na anayeumia humo huumia peke yake. Kwa hiyo kila anayeingia hubeba redio ya upepo, ile ya kubonyeza na kuachia, na kila saa humwita Chediel aliye mjini. Naye ana ya kwake ya kujibia. Walimchagua kwa mikono yote juu. Alute, mwenyekiti wao, alisema, "Huyu mzee masikio yake yamesomea."

Kanuni za kikundi zimebandikwa ukutani: taja jina, taja ulipo, taja shida. Ni kanuni nzuri. Ila aliyeziandika hakufikiria kwamba siku moja atakayekuwa porini ni mkwe, na atakayekuwa redioni ni baba mkwe.

Laurian, mume wa Loyce, binti pekee wa Chediel, hakuwahi hata mara moja kumwambia mzee huyo neno kabla ya salamu. Akija kuomba jembe atasimama, atainama kidogo, atasema, "Shikamoo, baba," na atangoja. Asipoitikiwa, jembe litangoja, shamba litangoja. Redioni ni vilevile. "Shikamoo, baba." Kisha anaachia kitufe na kungoja marahaba yake. Akishaipata, ndipo ataje jina, ataje alipo, ataje shida.

Mwaka jana, siku kama ya leo, Laurian aliingia porini peke yake kutundika mizinga mitatu kabla mvua hazijaanza. Wenzake wote walibaki majumbani, redio zao wamezizima. "Nyuki hawajui sikukuu, baba," alisema akiondoka, huku anacheka.

Saa saba mchana. Ua umejaa. Redio kubwa inapwita, inazama vumbini, inaibuka. Mtangazaji anahesabu kurudi nyuma. Saba, sita, tano. Na taa ya kijani ikawaka.

"Shikamoo, baba."

Chediel aliisikia, yeye peke yake katika makelele yale. Lazima niliseme hili wazi, kwa sababu mwenyewe amejaribu mwaka mzima kulisema vingine na limegoma. Aliisikia safi, silabi kwa silabi. Akasema moyoni, huyu anataka kunitakia heri, nitamwitikia visiwa vikishaingia. Akanyoosha mkono, akaipunguza skana sauti mpaka ikanyamaza kabisa, akageukia ubao. "Wameingia," akasema, na watu wakapiga makofi.

Sauti ilinyamaza, taa haikukoma. Iliwaka saa saba na dakika kumi. Iliwaka saa saba na nusu. Saa nane, Nyuzilandi ikivuka kwa kengele na nyimbo, iliwaka, ikazima, ikawaka. Mkewe, Damari, aliyekuwa akigawa karanga, aliiona.

"Baba Loyce, hiyo taa mbona inawaka?"

"Salamu tu za sikukuu," alisema.

Salamu tu. Wewe vumbi la dirishani, ulikuwepo, ulisikia. Mtu mzima, anayewasimamisha watoto wa majirani barabarani wasipomwamkia, anayewapeleka kwa mama zao kushtaki, alisema salamu tu. Na taa ikawaka, na yeye akaiona, na mkono wake ukaenda kwenye chaki.

Saa kumi, mji mzima wa ng'ambo ukilipua fataki ndani ya redio kubwa, Damari aliweka sinia chini, akapita katikati ya watu, akaongeza sauti ya skana kwa mkono wake mwenyewe. Vumbi. Vumbi. Kisha, polepole, sauti ya mtu anayesema huku ameuma meno.

"Shikamoo, baba."

Ilikuwa bado ni salamu. Saa tatu zilikuwa zimepita, na ilikuwa bado ni salamu. Chediel alishika redio yake, akasema, "Marahaba." Ndipo Laurian, akiwa sasa ameruhusiwa kuumia, akasema, "Baba, ni Laurian. Niko kwenye mzinga wa tatu, karibu na korongo kavu. Nimeanguka. Mguu umevunjika, na sasa siusikii tena."

Wanaume walikimbia. Walikata fito, wakatengeneza machela, wakamtoa, wakampakia garini, na jua likizama alikuwa hospitali. Daktari alisema jambo ambalo Chediel hulisikia hadi leo kati ya kituo na kituo: mfupa uliubana mshipa wa damu, na mngewahi saa mbili tatu hivi, mguu ungepona. Ulikatwa chini ya goti.

Alute alikuja hospitali akaketi kando ya kitanda. "Uliita saa ngapi, mdogo wangu?"

Laurian alimtazama baba mkwe wake, aliyesimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. Akatazama dari. "Redio ilizimika nilipoanguka," alisema. "Ilikuja kuwaka hiyo saa kumi."

Chediel kinywa alikuwa nacho. Hakukitumia.

Kilichofuata ndicho kilichomla. Alute alisimama mkutanoni akasema kwamba bila masikio ya mzee huyu wangekuwa wamezika. Akitoka kanisani watu walimshika mkono, na wa msikitini wakavuka barabara kuja kumshika mkono. Wakampa ndoo ya asali. Akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Ndoo hiyo iko chini ya meza mpaka leo, kifuniko hakijafunguliwa, asali imeganda. Damari akifagia huisogeza, hufagia, huirudisha pale pale. Ni mwanamke anayejua kusema, lakini kwa hili amemwachia mwenyewe.

Loyce amelima alizeti peke yake mwaka huu. Laurian hushinda kwenye ghala la kikundi, magongo yameegemea ukuta, anachuja asali na kushika redio ya ghala. Akija kumwona mzee husimama, huinama kadiri magongo yanavyomruhusu, huanza salamu yake, na Chediel siku hizi huitikia kabla haijaisha. Marahaba, marahaba. Mara mbili, mara tatu, mbio mbio. Watu huona ni mapenzi, huambiana, mkwe anapendwa yule.

Na leo ni saa saba kasoro dakika moja. Ua umejaa tena. Aliwaambia majirani wasije, wakadhani anatania, wakaja na vigoda. Alute yuko mbele. Loyce yuko mlangoni, ameshika bakuli la karanga kama alivyofanya mama yake. Porini leo hakuna mtu. Redio kubwa inapwita, inazama, inaibuka. Saba, sita, tano. Na taa ya kijani ikawaka.

"Shikamoo, baba."

Ni Laurian, yuko ghalani, amekaa kivulini, anataka tu kumtakia mzee heri. Mara hii ni kweli. Mara hii ni salamu tu.

Chediel akanyoosha mkono. Akaizima redio kubwa. Visiwa viliingia bila yeye, kama ambavyo vingeingia siku zote. Watu waliguna.

"Marahaba, mwanangu," alisema. Na hakuachia kitufe. Tangu mwaka jana hakuna mwanakikundi anayezima redio yake; zote kumi na moja zilikuwa wazi mji mzima.

"Mwaka jana redio yako haikuzimika. Uliniita saa hii hii, nikakusikia. Nikapunguza sauti nisikilize sherehe za watu wasionijua. Mama Loyce akaniuliza kuhusu taa, nikamwambia salamu tu. Wewe ukanisitiri, na mimi nikakaa humo nimesitirika mwaka mzima, nikipewa asali. Mimi sikukuokoa. Mimi ndiye niliyekuacha. Naona aibu, Laurian. Naona aibu mbele yako na mbele ya mtoto wangu. Ni hayo."

Akaachia kitufe.

Vumbi. Shhh. Hakuna kingine.

Alute alitazama viatu vyake. Damari aliinama, akaivuta ndoo ya asali kutoka chini ya meza, akaiweka mbele ya mwenyekiti. Loyce aliweka bakuli chini, akajifunga kanga vizuri, akapita mbele ya baba yake bila kumtazama, akashika njia ya kwenda ghalani. Hakuna aliyemwambia akae.

Dakika ikapita. Ikaja nyingine. Chediel alikaa na redio kiganjani, macho kwenye taa, na taa ilikuwa jicho lililofumba. Sasa alijua dakika ina urefu gani kwa anayengoja kuitikiwa. Alijua anavyoanza kujiuliza kama amesikika, kama betri imekwisha, kama kuna mtu upande ule. Alijua kwamba unaweza kubonyeza tena, na kwamba adabu inakuzuia, na hapo yeye alikuwa na kivuli cha ukuta na miguu miwili.

Majirani walianza kuinuka mmoja mmoja, wakibeba vigoda vyao kimya kimya, kama wanavyoondoka msibani.

Kisha taa ikawaka.

"Nimekusikia, baba."

Hakusema yameisha. Hakusema usijali. Alisema hilo moja, akaachia, na taa ikazima. Chediel aliinamisha kichwa mezani, uso wake juu ya vumbi ambalo asubuhi hakulifuta, akalia mbele ya waliobaki.

Saa nane Nyuzilandi ilivuka. Saa kumi ikavuka Australia. Hakuna aliyeandika ubaoni. Redio kubwa ilikaa imezimwa, na vumbi likaanza kuhamia juu yake, na Chediel akaliacha. Alikuwa amevuta kiti karibu na ile ndogo, ameongeza sauti mpaka mwisho, na alikuwa akilisikiliza lile vumbi tupu la sauti, shhh, punje kwa punje, kwa maana humo kuna mtu.