Swichi ya Korido

Sakinabai alizima swichi ya chaja koridoni baada ya swala ya Isha, mvua ya masika ikipiga bati la uani. Hakuwa na nia mbaya. Gari la umeme la mwanawe Aliasgar lilikuwa nje, juu yake hakuna paa, waya umetoka ukutani mpaka kwenye pua yake, na maji yanachuruzika kila mahali. Alikuwa hajasahau mwaka jana, Aliasgar alipokuwa bado akichaji kwa ekstensheni iliyopitishwa dirishani: kiungio kililoa, kikatoa cheche, na nyumba yao ya Chumbageni, Tanga, ikanuka plastiki iliyoungua siku nzima.

Tangu hapo fundi Castory alishafunga chaja ya ukutani, iliyotengenezwa kukaa nje, na waya wake mwingine ukazikwa ardhini. Alimweleza Sakinabai kwamba kichwa cha waya kimezibwa maji yasiingie, na umeme ukivuja hata kidogo chaja inajikata yenyewe. "Kinachoua ni ile ekstensheni, mama. Hii iache inyeshewe." Sakinabai aliitikia kwa heshima tu, moyo haukukubali. Alisema ataiwasha mvua ikitulia. Usingizi ukamchukua.

Alfajiri simu ikalia kutoka kijiji cha Moa. Hatibu, rafiki wa Aliasgar, amefiwa na baba yake, maziko ni saa tatu asubuhi. Hatibu ndiye aliyebeba jeneza la baba yake Aliasgar, hakumpisha mtu bega mpaka kaburini. Maziko hayo hayakuwa ya kukosa. Aliasgar alipoingia garini akakuta chaji imebaki robo. Akarudi ndani, akaona swichi ya korido imezimwa.

"Ummehani," alimwita mkewe, "jana si nilikuambia uchaji?"

"Nilichomeka. Nikawasha, na taa ya kijani nikaiona."

"Swichi imezimwa. Imejizima yenyewe?"

Sakinabai alikuwa mezani, kikombe mkononi. Neno lilimfika ulimini. Akautazama uso wa mwanawe, akautazama wa mkwewe, akanywa chai.

Muda wa kuchaji upya haukuwepo. Aliasgar aliondoka hivyo hivyo, akitumaini kufika. Gari likamzimikia mbele ya Mtimbwani. Akapanda bodaboda mvuani, na alipoingia Moa, kanzu imejaa tope mpaka magotini, watu walikuwa wanatoka makaburini. Hatibu alimpa mkono, akasema, "Mungu akulipe kwa kuja," kisha akawageukia wengine.

Aliasgar aliyasimulia hayo jioni, kwa sauti ya chini, gari likiwa limerudishwa kwa kuvutwa. Ummehani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nisamehe," akasema. "Labda kweli nilisahau. Nilikuwa na haraka, watoto walikuwa wanalia njaa."

Sakinabai aliondoka akaenda kuswali, na katikati ya swala hakujua yuko rakaa ya ngapi.

Mvua haikukatika wiki ile. Kila jioni alimwona Ummehani akitoka na mwavuli, akichomeka, akirudi kuwasha, akitoka tena kuitazama taa. Jioni moja akamwona anaipiga picha kwa simu.

"Picha ya nini hiyo, mwanangu?"

"Ya kumwonyesha Aliasgar, akiuliza." Alisema bila uchungu. "Siku hizi sijiamini, mama. Hata jiko nikishalizima, narudi kulitazama."

Sakinabai akakaa kwenye kiti cha korido, chini ya swichi.

"Ni mimi niliyeizima."

"Siku ile?"

"Siku ile. Niliogopa mvua."

Ummehani alifunga mwavuli taratibu, maji yakidondoka sakafuni. "Na asubuhi ulikuwepo mezani."

"Nilikuwepo."

Ummehani akampita, akaingia jikoni.

Aliasgar aliporudi kutoka dukani, Sakinabai alirudia maneno yale mbele ya wote wawili, macho yake yakiwa kwenye mkeka. Mwanawe akamgeukia mkewe akamwomba radhi. Ummehani akajibu, "Nimesikia," akaendelea kupanga sahani.

Ijumaa Sakinabai aliomba apelekwe Moa. Ummehani ndiye aliyeendesha. Hatibu aliwapokea barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba. Nimekuja pia kukwambia, Aliasgar hakukupuuza siku ile. Mimi ndiye niliyemchelewesha." Akamweleza yote, pamoja na alivyokaa kimya mkwewe akilaumiwa.

Hatibu aliinamisha kichwa. "Tumeshazika, mama," alisema kwa upole. "Karibuni ndani."

Sakinabai alikuwa ametarajia moyo utatulia baada ya kusema. Haukutulia. Alikula tende mbili za adabu, akasoma Fatiha, wakaaga.

Wakirudi, walipofika Amboni mvua ikaanza. Ummehani akamuuliza kama anasikia baridi, akampandishia kioo cha upande wake. Sakinabai akasema ahsante, na zaidi ya hapo hakuthubutu kusema.