Magoti ya Kuazima

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye ngazi za kanisa, Crocifissa Lo Presti alitoa kiti chake cha ukindu, akakiweka kando ya mlango mkubwa upande wenye kivuli, akaketi, kisha akainyoosha miguu yake mbele kwa kuisaidia kwa mikono, mmoja baada ya mwingine. Kulia kwake aliweka kikapu cha mitandio. Kazi yake ilikuwa moja: wageni waliokuja kutembelea Kanisa la Mtakatifu Bartolomeo, pale Roccafico, wasiingie na mabega wazi wala magoti wazi. Aliyekuja amejisitiri aliitikiwa salamu. Aliyekuja na kaptura alipewa mtandio, akajifunga kiunoni, akaingia akifanana na mtu anayetoka kuoga.

Tatizo lilikuwa kwamba wageni hawakurudisha. Mtandio uliingia kanisani, ukatazama michoro, ukatoka, ukapanda basi, ukaenda kuishi ughaibuni. Kufikia katikati ya Agosti kikapuni ulibaki mtandio mmoja tu, ule wa sufu unaowasha, ambao hata mwizi aliuogopa.

Padre Placido akaamua kiwekwe kibao. Kazi alipewa Mwalimu Sciortino, mstaafu, ambaye ujanani alikuwa mhudumu wa bafu la wachimba makaa huko Ubelgiji, na kwa hiyo ndiye aliyezijua lugha za wageni. Mwalimu alikusudia kuandika watu wafunike mabega na magoti. Lakini katika bafu la wachimba makaa hakuna kibao kinachomwambia mtu afunike chochote. Vibao vyote alivyowahi kuvisoma kule vilisema vua: vua buti, vua kofia, vua suruali. Ndiyo maana, kwa lugha nne na kwa mwandiko uliomtoa machozi yeye mwenyewe, Mwalimu Sciortino aliandika: TAFADHALI VUA MABEGA NA MAGOTI KABLA YA KUINGIA. Padre alikinyunyizia maji ya baraka, kikapigiliwa ukutani siku ya Ijumaa.

Jumamosi asubuhi basi la watalii likafika. Wa kwanza kupanda ngazi alikuwa Mholanzi mmoja mrefu aliyeitwa Femke, mwenye kaptura, blauzi isiyo na mikono, na kofia ya majani. Alisoma kibao mara mbili. Alikuwa mtu aliyesafiri sana na hakupenda kuwaudhi wenyeji. Akainama, akayazungusha magoti yake kama mtu anayefungua chupa ya achari, akayatoa, akayapangusa vumbi, akayaweka kikapuni juu ya mtandio wa sufu. Kisha akavua mabega. Mikono yake ilibaki mahali pake kwa mazoea tu. Akaingia kanisani taratibu, miguu imenyooka kama ya korongo, akaanza kusoma maandishi ya kaburi la kwanza ukutani.

Fissa, kama mji mzima ulivyomwita Crocifissa, alichungulia kikapuni. Mgeni hakuingia na goti wazi wala bega wazi. Sheria ilikuwa imefuatwa. Akachukua kitambaa cha jikoni, akavifunika vile viungo kama mtu anavyofunika mikate, nzi wasitue.

Wenziwe Femke walipoona hivyo, nao wakavua. Hakuna mtu wa Roccafico aliyegeuza shingo. Huu ni mji ambao mtakatifu wake, aliyechunwa angali hai, anasimama juu ya altare akiwa ameikunja ngozi yake mwenyewe mkononi kama koti siku ya joto. Kulia kwake yupo Lusia, macho yake kwenye kisahani. Kushoto yupo Agata, aliyekatwa matiti, na sinia lenye vitu ambavyo watoto wa katekisimu huambiwa ni maandazi. Magoti kwenye kikapu ni jambo dogo.

Lakini siku hiyo Fissa alikuwa na jambo kubwa. Mjukuu wake, Mimma, alikuwa anaolewa. Na Roccafico ndoa huwa haijakamilika kwa sababu tu padre amesema. Inakamilika pale bibi mzaa mama wa bi harusi anapofungua ngoma uwanjani, mbele ya kanisa, peke yake, mpaka matari yanyamaze. Bibi akishindwa, nafasi inakwenda kwa upande wa bwana harusi, na upande huo hauachi kulitaja jambo hilo katika kila Krismasi, kila ubatizo na kila mazishi.

Na Fissa hakuwa na magoti ya kuchezea. Yalikuwa meusi, yamekunjamana kama tini zilizokaushwa juu ya paa, na kila alipoyakunja yalilia. Tangu alipopata ujane alikuwa akiisugua sakafu ya kanisa kila Jumatatu, jiwe kwa jiwe, akiwa amepiga magoti. Kila Pasaka alimwomba Padre Placido dekio la mpini mrefu, apige deki akiwa amesimama kama watu wengine. Kila Pasaka Padre alimjibu kwa upendo kwamba dekio hukwaruza marumaru.

Upande wa bwana harusi ulifika kwanza. Mbele alitembea shangazi yake, Donna Pippina, mke wa mwoka mikate, ameinua gauni kidogo ili dunia isiikose rangi nyekundu ya viatu vyake vipya.

"Mkwe wangu!" alisema. "Magoti yanasemaje leo?"

"Yanakusalimia."

"Usijitese, mama. Wewe kaa hapo na kikapu chako, utupigie makofi. Ngoma niachie mimi. Wiki nzima nimefanya mazoezi jikoni."

"Kumbe," Fissa alisema. "Ndiyo maana mikate yenu imekuwa bapa."

Donna Pippina alicheka kwa meno tu, akaingia.

Kisha akaja Mimma na baba yake, katika gauni ambalo Fissa mwenyewe alilishona, mikono mpaka viganjani, kola mpaka masikioni, katika joto la Agosti. Bi harusi alikuwa amelowa kama sponji na alikuwa na furaha tele.

"Bibi," alimnong'oneza, "usipofungua wewe, mimi sichezi. Nakaa hapa kwenye ngazi nakula lozi zote za wageni."

"Nenda ukaolewe kwanza, mtoto we. Padre ana njaa, usimcheleweshe."

Milango ikafungwa, misa ikaanza. Fissa akabaki na kikapu. Kutoka ndani alisikia wimbo wa kwanza, halafu sauti ya Padre, halafu Donna Pippina akikohoa ili asisahaulike.

Akainua kitambaa. Ya juu yalikuwa magoti ya Femke: mviringo, ya rangi ya asali, yaking'aa kama mikate ya maziwa. Fissa hakuwa mwizi, na alitaka jambo hili lieleweke, hata kama hapakuwa na wa kumweleza ila njiwa. Kwa miaka yote ameketi kwenye kiti hiki akiwaazima wageni. Mitandio ya pamba, mitandio ya hariri, mmoja ulikuwa wa mama yake. Hakuna aliyerudisha. Ilikuwa haki yake kuazima kitu mara moja, tena yeye angerudisha.

Magoti yake mwenyewe yaligoma kutoka. Ilibidi ayamiminie mafuta ya zeituni, yale ya saladi yake ya mchana, ndipo yakazunguka, yakilia kama bawaba za lango la makaburi. Akayaweka kikapuni ili pasibaki pengo, akavaa ya Femke, akasimama.

Akakaa. Akasimama tena. Akakaa na kusimama mpaka kengele zilipolia na milango ikafunguka, kwa sababu tu aliweza.

Wapiga matari walikuwa tayari uwanjani, na mpiga kinanda cha mkono amekwisha kulowesha koo. Donna Pippina alishuka ngazi haraka, akajipanga katikati, akainua mikono. Ndipo umati ulipopasuka na Fissa akapita, akishuka ngazi mbilimbili.

"Samahani, mkwe wangu," alisema. "Umesimama mahali pangu."

Matari yakapigwa. Fissa akacheza. Alianza kwa hatua alizofundishwa na bibi yake, lakini magoti ya Kiholanzi yalikuwa na tabia zao. Maisha yao yote yalikuwa yakiendesha baiskeli, nayo yaliposikia mdundo wa kasi yalianza kukanyaga pedeli. Goti la kulia likapanda mpaka kifuani, likashuka, la kushoto likafuata, mzunguko juu ya mzunguko, na Fissa akauzunguka uwanja huo mara kadhaa akitoa mkono kila alipokata kona.

"Hiyo ndiyo staili ya zamani!" akapaza sauti Mwalimu Sciortino, ambaye hakuwahi kuiona. "Ile halisi! Hawa vijana hawaijui!"

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuonekana haijui. Mimma akakusanya gauni lake mikononi, akaanza kukanyaga pedeli. Bwana harusi akamfuata, mashahidi wakamfuata, masista wawili wakamfuata wakitazama pembeni. Donna Pippina alijaribu kwa nguvu zote. Pedeli ya tatu ilimvua kiatu kimoja chekundu, kikaruka juu, kikatua kwenye balkoni ya mfamasia, na yeye akacheka, safari hii kwa tumbo, akamalizia ngoma na mguu mmoja peku.

Femke alitoka kanisani wa mwisho, kwa kuwa alisoma kila jiwe lenye maandishi. Wenziwe walikuwa wamekwisha kuvaa vyao. Kikapuni yalibaki mabega yake, mtandio wa sufu, na magoti ambayo hakuyafahamu. Akayavaa, maana hakuna namna nyingine. Alipogeuka kuliaga kanisa, magoti yakaona tone la nta kwenye kizingiti, yakampigisha magoti papo hapo. Kabla hajajua, alikuwa akisugua kwa kofia yake. Tone likaisha, yakaona jingine mbele, halafu jingine, na hivyo ndivyo Femke alivyoisafisha njia nzima ya kati mpaka miguuni pa Mtakatifu Bartolomeo, akarudi hadi mlangoni, ndipo yakamwachia.

Alimkuta Fissa kwenye ngazi akijipepea.

"Samahani, mama," alisema kwa lugha ya hapo, aliyojifunza kwa ajili ya likizo. "Nadhani una magoti yangu."

"Ninayo. Keti, mwanangu, kula lozi. Umeyalea vizuri sana."

"Ni baiskeli."

"Nimeona."

Femke alipapasa magoti ya tini. "Haya yako yanalijua kila jiwe humo ndani. Pale mbele ya altare ndipo penye baridi zaidi."

"Hapo ndipo. Januari usiombe."

"Kwa nini usitumie dekio?"

"Muulize yule pale mwenye kipande cha keki."

Femke alimwita Padre Placido. Padre alikuja, kwa kuwa alikuwa mtu mwema.

"Dekio hukwaruza marumaru, binti yangu," alieleza.

"Na marumaru inamkwaruza yeye."

"Hajawahi kulalamika."

"Nimelalamika kila Pasaka, Padre," alisema Fissa.

"Ulisema kwa upole mno. Nilidhani ni sala."

Wanawake hao wawili wakarudishiana vilivyo vyao juu ya kitambaa cha jikoni. Padre Placido aliyaokota magoti ya Fissa kabla hajayavaa, akayainua kwenye jua, akaona kila kovu, kila mkunjo, na sugu nene kama soli, na macho yakamlenga machozi kwelikweli. Akasema magoti kama haya hayafai kuachwa duniani. Yalistahili kisanduku cha kioo, kando ya mfupa wa kidole cha Mtakatifu Bartolomeo, na taa ikiwaka mbele yake usiku na mchana. Aliyabusu. Kisha akakumbuka kwamba keshokutwa ni Jumatatu, akamrudishia.

Mwezi mmoja baadaye kilifika kifurushi kirefu kutoka Uholanzi. Ndani yake mlikuwa na dekio jipya la mpini mrefu na mitandio yote ambayo Femke aliweza kuichangisha kwa wenzake wa basi lile. Padre Placido alimshukuru kutoka mimbarini. Mvua za kwanza zilikuwa zimeung'oa msumari wa kibao, na ule mpini ukaonekana una urefu hasa unaotakiwa. Ulisimikwa kando ya mlango, kibao kikafungwa juu yake, na sasa maandishi ya Mwalimu Sciortino husomeka tangu kituo cha basi. Kichwa cha dekio alipewa Fissa asugulie. Hukishika kwa mikono miwili, akiwa amepiga magoti.

Magoti yenyewe, hata hivyo, hayakurudi kama yalivyokwenda. Yanalia bado, lakini yanalia kwa mdundo wa tari, na Fissa akifika mbele ya altare, penye baridi zaidi, huanza kuimba kuyafuata.

Mdogo wake Mimma ameshachumbiwa. Posa ililetwa na Donna Pippina mwenyewe, akiwa na viatu vya bluu, vyenye kamba. Harusi ni Mei. Kwa hiyo basi la Jumamosi linaposimama na wageni wanapoanza kupanda ngazi, Fissa huzikunja zile tini zake chini ya kiti, hukiweka kikapu karibu, na kabla hajaitikia salamu ya mtu yeyote huwatazama miguuni, mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

"Karibuni," huwaambia. "Vueni tu. Hapa hakipotei kitu."