Moto Chini ya Blanketi

Kosa la Bedan lilikuwa blanketi, lakini nani angethubutu kumwambia? Bedan alikuwa fundi, na fundi wa mtaa wa Jericho, Nairobi, akishaamua jambo, hata mkewe husubiri lipoe kwanza.

Gari lenyewe lilikuwa Cortina ya kijivu. Bedan alikuwa amelifungia supachaja aliyoing'oa kwenye lori bovu la dizeli: dude zito la chuma linalozungushwa na mkanda, likavuta hewa na kuishindilia ndani ya injini, ili injini ichome mafuta mengi zaidi na gari likimbie zaidi. Mtaa mzima hakuna aliyekuwa nayo. Na kwa kuwa Bedan aliwajua watu wa Eastlands, kwamba ukibuni kitu Jumapili, Jumanne mwenzako anakiuza soko la Kariokor, kila gari liliposimama alilifunika boneti kwa blanketi zito, injini ikiendelea kunguruma chini yake. Kuizima aliogopa. Ingegoma kuwaka mbele ya watu angeweka wapi uso?

Dereva alikuwa dada yake, Wacera. Siku za kazi alikanda unga katika kiwanda cha mikate; Jumapili, akitoka kanisani, alivua kilemba akashika usukani. Alipenda kuendesha, basi. Gari likichomoka na mgongo wake ukagandamia kiti, alipata furaha ambayo wiki nzima ya unga haikuweza kumpa.

Na sasa furaha hiyo ilitaka kumponyoka. Kila Jumapili walishindana na Idarusi wa mtaa wa Kaloleni kwenye barabara tupu nyuma ya viwanda, mara tatu, robo maili kila mara. Na kila Jumapili Wacera alishinda mara ya kwanza, akashindwa mbili zilizofuata.

"Ni mguu wako," Bedan alimwambia asubuhi ya Jumapili hiyo ya Januari, mwaka wa themanini na tatu. "Unachoka. Ukishindwa leo, usukani nampatia Gichuru."

Gichuru, binamu yao, alikuwa ameshanunua glavu.

Mguu! Wacera alisimama kwenye mashine ya unga kutwa kucha bila kuegemea kitu, halafu aambiwe mguu umechoka kwa sekunde kumi na tano. Alikasirika, lakini hasira haikumzuia kufikiri. Kule kiwandani alijua kwamba unga ukikandwa sana na mashine hupata joto, na mchana wa Januari huharibika usipotiwa maji ya barafu. Hewa je, inayokandwa na vyuma kutwa? Akitoka kanisani alipitia kiwandani, akaazima kipimajoto kwa msimamizi wa zamu, akakichomeka kwenye kitundu cha bomba linalotoka kwenye supachaja kwenda kwenye injini, akakiziba vizuri kwa mpira.

"Unapika nini humo?" Bedan alimcheka.

Mara ya kwanza, kabla ya kuondoka, kipimajoto kilisoma nyuzi arobaini. Wacera alimwacha Idarusi nyuma akila vumbi. Wakarudi, Bedan akatupia blanketi lake, wakasubiri nusu saa magari mengine yakimbie. Mara ya pili Cortina iligongagonga ndani kama mtu anayebisha hodi kwa funguo, na Idarusi akawapita kwa urefu wa magari mawili mazima.

Gichuru alianza kuvaa glavu.

Wacera hakushuka. "Bedan, kuja usome hii."

Bedan aliinua pembe ya blanketi, akachungulia. "Tisini. Kwani iko nini?"

"Ile ya kwanza ilikuwa arobaini. Hewa ikipata moto inatanuka, inakuwa nyepesi. Wewe unasukuma nyingi, injini inapata kidogo, na joto hilo ndilo linafanya igonge. Zima gari, toa hilo blanketi."

"Na hawa wote waone?"

"Waone."

Bedan aliwatazama watu wa Kaloleni, shingo zimeshawarefuka. Alikuwa na uso wa mtu anayeambiwa avue nguo sokoni. Aliyemkatia shauri ni Mama Lela, mwenyeji wa Mombasa aliyekuwa akiuza soda kando ya barabara kwenye karai kubwa la barafu.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," alisema. "Fungua upate mtoto."

Watu waliangua kicheko, na Bedan naye, akitaka asitake, akacheka. Blanketi likatoka. Injini ikazimwa.

"Mama Lela," Wacera aliomba, "nisaidie na barafu yako."

"Na soda zangu?"

"Leo watakunywa moto."

Mama Lela aliupima ule umati kwa macho, akaona hakuna atakayekwenda kwingine, akainamisha karai. Walijaza barafu kwenye magunia, wakaikumbatisha supachaja na bomba. Mvuke ulipanda. Bedan mwenyewe alishikilia gunia hadi vidole vikamfa ganzi, akisoma kwa sauti: sabini, hamsini na tano, arobaini, thelathini na mbili. Watu wakawa wanahesabu pamoja naye, hata wa Kaloleni.

Magunia yakaondolewa. Injini ikawaka kwa mkupuo mmoja.

Kitambaa cha kuanzisha mbio ya tatu kiliposhushwa, Wacera alikanyaga mafuta. Hakukuwa na kugonga. Kulikuwa na mvumo mmoja mnene, safi, uliompitia mifupani, na gari likaenda kama lililokuwa limefungwa kamba siku zote na sasa limefunguliwa. Alicheka peke yake humo ndani, meno yote nje, na alipovuka mstari Idarusi alikuwa bado anatafuta gia ya nne.

Aliporudi, Idarusi na wenzake walikuwa wameshainamia boneti iliyo wazi, na Bedan akiwaeleza kila kitu, hadi ukubwa wa mkanda. Gichuru alisimama pembeni, glavu mikononi.

"Sasa Jumapili ijayo," aliuliza, "ni mimi nitaendesha ama?"

Bedan alifuta mikono, akamtazama dada yake kwanza.

"Muulize dereva," alisema, "kama bado anataka fundi."

Wacera alisema atafikiria.