Vishindo vya Miguu Kisituni

Ardith Jorgensen hakuwahi kusimama. Kila Jumapili ya mfungo, mara moja kwa mwezi, waumini wa kata yao ya kanisa katika mji mdogo wa Spring City walipanda mimbarini mmoja mmoja na matumbo yao matupu, wakasema wanajua: wanajua Mungu yu hai, wanajua kijana Joseph, nabii aliyeanzisha kanisa lao, alimwona kisituni. Yeye alibaki ameketi, mkoba mapajani. Watu walidhani ni haya. Mumewe, Thayne, alisimama kwa niaba ya nyumba nzima, na kwa sauti aliyojaliwa hakuhitaji kipaza sauti.

Thayne alifariki theluji ikiwa bado imelala mashambani. Mwana wao wa pekee, Kendell, alikuja akabeba jeneza, akala viazi vya jibini vilivyopikwa na kina mama wa kanisa, akarudi mjini Salt Lake siku hiyohiyo. Kanisa alikuwa ameliacha zamani. Majirani walinong'ona kwamba lazima kuna mwanamke, au pombe. Hakukuwa na lolote. Alisoma tu, akagundua kwamba lile ono alilolinyonya pamoja na maziwa lilisimuliwa na Joseph mwenyewe zaidi ya mara moja, na kwamba masimulizi hayo hayafanani. Akayapeleka kwa baba yake. Thayne akamjibu kwamba katika nyumba yake kuna simulizi moja tu, nalo limo kwenye maandiko. Anayetaka mengine akatafute nyumba nyingine. Kendell akaitafuta.

Ardith siku hiyo alikuwa akiosha vyombo. Alikuwa na swali, lakini wanaume wale wawili hawakumwachia upenyo, na baadaye hapakuwa na wa kumuuliza.

Pichi zilipoiva, viganja vya Ardith vilikuwa vikimuuma kiasi cha kushindwa kukaza vifuniko vya chupa za kuzihifadhia. Kendell akaja kumsaidia. Aliingia jikoni akiwa mikono mitupu, akambusu mama yake shavuni, akajifunga aproni ya marehemu baba yake.

"Hicho kikombe ulichokificha garini kitapoa," Ardith alisema.

"Kikombe gani, Mama?"

"Mimi ndiye niliyezeeka, pua haijazeeka. Kalete kahawa yako ndani."

"Baba atafufuka," Kendell alisema, maana kahawa, ambayo kanisa lao liliikataza, haikuwahi kuingia nyumba ile.

"Na afufuke. Atatusaidia kumenya."

Kendell alicheka, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau, akaenda kuileta. Wakamenya, wakapanga vipande kwenye chupa, mvuke wa sufuria ukafunika madirisha. Ndipo Ardith akauliza kama yale masimulizi aliyomletea baba yake bado anayo.

Kisu cha Kendell kilisimama. "Mama, sikuja kugombana."

"Wala mimi. Nataka kusomewa tu."

Alikuwa nayo kwenye simu. Akayasoma kama wakili aliyesubiri kesi yake miaka mingi, akisimama kila penye tofauti. Katika lile ambalo kila mtoto wa kanisa analijua kwa moyo, kijana anakwenda kuuliza kanisa lipi ni la kweli, nao wanamtokea wawili, Baba na Mwana. Katika jingine la kabla ya hilo, alilomsimulia mgeni aliyemtembelea, anatokea mmoja ndani ya nguzo ya moto, kisha wa pili, na malaika wengi. Na katika lile la mwanzo kabisa, ambalo sehemu yake aliiandika kwa mkono wake, anamtaja Bwana tu, na alichokuwa akililia ni kusamehewa dhambi. Hata umri wake unapishana.

Kila alipotua, Kendell alimtazama mama yake akingoja utetezi. Utetezi haukuja. Ardith alimwomba tu arudie lile la mgeni, pale kabla ya nuru.

Akarudia. Kijana anajaribu kuomba, ulimi unakataa. Anasikia nyuma yake kama mtu anatembea kumjia. Anajaribu tena, vishindo vinasogea. Anaruka, anageuka, haoni mtu.

"Hilo la vishindo sikulijua," Ardith alisema.

"Halimo katika lile tunalokariri."

Ardith alifuta mikono, akavuta kiti. Akamweleza kwamba naye alipokuwa msichana wa umri kama wa kijana huyo alipanda mlimani, juu ya malisho ya kondoo wa baba yake, hadi kwenye miti ya magome meupe. Akapiga magoti hadi sketi ikalowa. Akaomba, na nyuma yake akasikia kitu kinakuja kikikanyaga majani.

"Kilikuwa nini?"

"Kondoo jike. Aliachwa na wenzake."

Kendell alitaka kucheka, lakini uso wa mama yake ulimzuia.

"Lakini kabla sijageuka, Kendell," alisema. "Kile kitambo kidogo kabla sijageuka. Nimeishi kwa hicho. Sijaona kitu tangu hapo, wala kusikia. Wenzangu wanasema wanajua. Mimi natamani tu, na sijachoka kutamani."

"Baba alijua?"

"Baba yako alijua mambo mengi. Hili hakuuliza."

Kendell aliiweka simu mezani. "Nilidhani niko peke yangu katika nyumba hii," akasema.

"Hata mimi."

"Ila bado hayafanani, Mama."

"Nimesikia kwamba hayafanani. Sijui kama aliona, mwanangu. Ila alivyotaka kuona, hilo nalijua."

"Kutaka si kuona."

"Si kuona. Kama yupo wa kukwambia hilo, ni mimi."

Wakamaliza chupa zilizobaki. Ardith alimwomba alale, kesho waende kanisani pamoja. Kendell akakataa kwa upole, akamkumbatia kwa muda mrefu kuliko alivyozoea, akaondoka.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya mfungo. Ardith alisimama. Alishika mimbari kwa mikono yote miwili, akasema hawezi kutamka neno wanalolitamka wenzake, maana si lake. Akasimulia mlima, vishindo na yule kondoo. Akasema bado anasikiliza. Akashuka. Mama mmoja alimwambia mwenzake, si kwa sauti ya chini sana, kwamba ujane umemchanganya Dada Jorgensen.

Nje, kwenye maegesho, mzee Rulon Anderberg alimfuata. Rulon alikuwa mfugaji mkali, ambaye ushuhuda wake wa kila mwezi ulikuwa mrefu kuliko wa wote. Alisimama mbele yake akizungusha kofia mikononi.

"Mimi nilikwenda kuomba kule nyuma ya bwawa," alisema. "Nilikwenda mara nyingi." Akaivaa kofia yake na kwenda zake.

Alasiri Ardith alimpigia mwanawe, akamweleza yote.

"Ulisimama?" Kendell aliuliza.

"Nilisimama."

"Natamani ningekuwapo."

Ardith alitaka kumwambia kwamba mwezi ujao upo pia. Neno lilifika ulimini, akalimeza.

"Umekula?" mwanawe akauliza.

"Bado. Mfungo ni mpaka jioni."

"Mimi pia sijala tangu jana," Kendell alisema.