Zizi Liliingia Jikoni

Kondoo wa Idwal walipoanza kuzaa mwaka ule, mkewe Heledd alikuwa na mimba ya miezi saba, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakutia mguu bandani. Si kwamba hakutaka. Alikuwa binti wa wafugaji, mzaliwa wa bonde la pili, na mikono yake midogo ilikuwa imewatoa wanakondoo waliokwama wengi kuliko ile ya mumewe, iliyokuwa mipana kama makasia. Lakini mkunga wa mjini alimwambia asiingie bandani kondoo wakizaa, na mimba hii waliisubiri miaka mingi, mbili za kabla yake zikiwa zimeharibika. Kwa hiyo neno la mkunga kwa Heledd lilikuwa amri. Divai ya Krismasi hakuionja. Jibini la maziwa mabichi, analolipenda kuliko mumewe, alilitoa kwa majirani. Alilala ubavu alioambiwa alalie, hata ubavu ukamuuma.

"Hata kuchungulia?" Idwal alimuuliza asubuhi ya kwanza ya kazi.

"Hata kuchungulia. Nitasimama hapa mlangoni nikutukane ukikosea."

"Mtoto anasikia, bibie."

"Asikie. Ajue mapema baba yake ni nani."

Zamani pale bondeni palikuwa na kliniki, na mkunga wake, mama mmoja mnene aitwaye Nerys, aliwafuata wajawazito majumbani. Alikuwa anaingia bila hodi, anakaa jikoni, anakunywa chai yako, anafungua friji yako na kukugombeza kwa alichokikuta humo. Watu walimlalamikia, tena sana. Kisha wakubwa wa afya wakakaa kikao huko waliko, wakasema watu wa bondeni ni wachache, wakaifunga kliniki na kumstaafisha Nerys. Walisema mjini si mbali. Idwal alikuwa na maneno yake juu ya hilo: wameupima umbali kwenye ramani, na ramani haigandi barafu.

Basi wakawa wanakwenda mjini. Mkunga wa huko alikuwa msichana mpole, sauti ya taratibu, ila macho yake hayakutoka kwenye kompyuta.

"Pombe?"

"Hapana."

"Sigara?"

"Hapana."

"Paka mnaye?"

"Yupo wa bandani."

"Usisafishe choo chake."

Heledd alicheka. "Dada yangu, paka wetu choo chake ni mlima mzima."

Mkunga hakucheka. Alibonyeza. "Na kondoo wakizaa, usiingie bandani."

"Siingii. Huyu hapa shahidi."

"Vizuri sana," mkunga akasema, akabonyeza tena, na nje mwingine alikuwa anasubiri zamu yake. Kosa la binti yule halikuwa roho mbaya. Alipewa dakika chache na maswali yaliyokwisha kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye jiko la mfugaji.

Katika lile kundi palikuwa na majike ambao Idwal aliwanunua mnadani wakati wa vuli. Mmoja wao akatupa mimba. Idwal akasema ni baridi. Akafuata wa pili. Siku ya mvua ya theluji, wa tatu akazaa mapacha, mmoja amekufa, mwenzake yu hai lakini amelegea kama tambara bichi. Mama yao akageuza kichwa, hakutaka hata kumlamba. Idwal alifanya alichofanya baba yake, na babu yake, na kila mtu kwenye milima ile ya Welisi: alimfutika mwanakondoo ndani ya koti, akampeleka jikoni.

Kwao kule mwanakondoo wa jikoni hahesabiwi kondoo. Ni mgeni. Kila nyumba ina boksi lake kando ya jiko la chuma, na watoto hukua wakigombania nani atashika chupa. Heledd alipoona koti la mumewe limetuna, aliinuka kwenye kiti kabla hajaambiwa.

"Mlete, mlete! Maskini, amekuwa barafu."

Alimpokea kwa taulo kuukuu, akamsugua mbavu, akamfuta uteute wa njano puani na mdomoni kwa kidole, akampulizia pumzi. Mwanakondoo akatikisa sikio.

"Mama yangu alikuwa ananilaza boksi moja na hawa," Heledd akasema.

"Ndiyo maana ukikasirika unalia meee."

Alimchapa kwa lile taulo, likamwachia Idwal alama ya njano shavuni, wakacheka mpaka Heledd akashika tumbo. Hakuna kati yao aliyefikiri kwamba amri ya mkunga imevunjwa. Heledd alikatazwa banda. Hapa palikuwa jikoni.

Mwanakondoo alikufa kesho yake mchana. Idwal akamzika, na Heledd akafua taulo pamoja na ovaroli ya mumewe, kama siku zote.

Idwal hakuwa mzembe. Aliwapeleka wale waliozaliwa wamekufa kwa daktari wa mifugo, wakapimwe. Majibu yalipokuja kwa simu yalikuwa mabaya: kundi lilikuwa na ule ugonjwa wa kutupa mimba. Daktari akamweleza awatenge wagonjwa, achome nyasi za kulalia, awadunge sindano waliobaki. Kisha akauliza, "Kuna mjamzito hapo nyumbani?"

"Yupo, mke wangu. Lakini haingii bandani."

"Safi kabisa. Endeleeni hivyo hivyo."

Heledd wakati ule alikuwa juu, kitandani, amejifunika mablanketi mawili na meno yanagongana. Idwal hakulitaja hilo. Kichwani mwake kondoo walikuwa na ugonjwa wao na mkewe alikuwa na mafua yake. Mtu haulizi asilojua kama lipo.

Aliipigia hospitali, wodi ya wazazi.

"Mtoto anacheza?" sauti ikauliza.

"Anacheza."

"Basi ni mafua, yamezagaa sana. Mpe dawa ya homa, anywe maji, apumzike."

Kesho yake homa ikazidi na kichwa kikawa kinampasuka. Akapiga tena, akapokea mwingine, ikabidi aanze hadithi upya tangu mwanzo, na mwisho wake ukawa ule ule: maji, dawa, mapumziko. Siku iliyofuata Heledd alianza kupumua kama mtu aliyepanda mlima. Idwal hakupiga simu tena. Alimbeba, akamweka garini.

Barabara ilikuwa inateleza. Idwal alikuwa anakanyaga mafuta, halafu anaogopa, anakanyaga breki.

"Taratibu, bwana we," Heledd akasema, macho kayafumba. "Hunipeleki mnadani."

"Nyamaza upumzike."

Wakapita daraja, wakapita ile kliniki yao iliyofungwa, mbao zimepigiliwa madirishani. Hapo Heledd akasema, "Mtoto ametulia."

"Amelala."

"Tangu alfajiri?"

Idwal alitazama barabara. "Mvivu. Karithi kwangu."

"Kwako hasa," Heledd akasema, na mkono wake ukabaki palepale juu ya tumbo mpaka wakafika.

Mtoto hakuwa amelala. Waliambiwa hivyo muda mfupi baada ya kufika, na mwanamke mmoja aliyevaa nguo za buluu, naye alisema kwa huruma, Idwal hakatai. Mtoto alikuwa wa kiume. Baada ya hapo hawakupewa hata nafasi ya kulia, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa anazama. Sumu imeingia kwenye damu, walisema. Figo. Mapafu. Walimtundikia dawa kali, wakamwekea mashine ya kupumulia, madaktari wakawa wanaingia na kutoka, kila mmoja na swali lake.

"Mmesafiri nje ya nchi karibuni?"

"Mbali kabisa tulikowahi kufika ni hapa," Idwal akajibu.

Siku ya pili akaja daktari mwanamume, mrefu, uso umechoka. "Mnafanya kazi gani?"

"Kondoo."

Daktari akasimamisha kalamu. "Wanazaa sasa hivi?"

"Wanazaa. Lakini yeye haingii bandani. Mkunga alimkataza, naye hajaingia hata mara moja."

"Una hakika?"

"Muulize yeyote. Hata kuchungulia hakuchungulia."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akatoka. Idwal alibaki kwenye kiti, ameinamisha kichwa, na joto la chumba kile likaanza kutoa harufu kwenye koti lake, ambalo hakulivua tangu nyumbani. Harufu ya sufu na maji ya uzazi yaliyokaukia kwenye bitana, pale ubavuni alipomfutika yule mwanakondoo. Alikaa akiinusa. Kisha alinyanyuka ghafla, kiti kikaanguka, akatoka mbio na mabuti yake kwenye sakafu ile safi.

"Daktari! Daktari, mmoja aliingia jikoni!"

Yule daktari mrefu aligeuka. "Mmoja nani?"

"Kondoo. Mtoto wa kondoo. Nilimleta mimi. Akamsugua, akampuliza mdomoni, akafua nguo zangu. Na kundi langu lina ugonjwa wa kutupa mimba, daktari wa mifugo ameshasema."

Daktari hakungoja zaidi. Alikimbia. Na Idwal alipomwona mtu mzima, msomi, anakimbia namna ile ukumbini, alielewa yote bila kuelezwa. Zile dawa za siku mbili hazikuwa dawa za ugonjwa ule. Ziko zinazouweza, tena si dawa ngeni, zimo kabatini. Walimpa. Heledd alizipata usiku, na asubuhi akafa.

Alizikwa na mwanawe kwenye jeneza moja, wakati theluji inanyesha nusu nusu. Mchungaji wa kanisa alimshika Idwal mkono pale kaburini. "Kazi ya Mungu haina makosa, ndugu yangu."

"Ya Mungu haina," Idwal akasema. "Mimi nasemea ya wakubwa. Mungu hakufunga kliniki."

Watu wakatazama chini. Hakujali.

Kisha hospitali wakamwita. Walikuwa watatu mezani, na jagi la maji na bilauri ambazo hakuna aliyezigusa. Walimpa pole ndefu. Wakasema wamejifunza mengi.

"Mmejifunza kwa mke wangu," Idwal akasema. "Mngejifunza kwa kuuliza."

Mama mmoja mwenye miwani akasema kwa upole kwamba maelekezo yapo, na yanataja hata wanakondoo waliozaliwa karibuni na nguo za kazini. Yapo kwenye mtandao, yeyote anaweza kuyasoma.

"Mtandao? Kwetu unakuja ukijisikia. Nerys alikuwa anakuja hata theluji ikifika magotini."

"Bwana, huduma za kutembelea majumbani zilisitishwa kwa sababu—"

"Najua zilisitishwa. Angefika kwangu asubuhi moja tu, angelikuta lile boksi kando ya jiko, angelipiga teke mpaka nje. Ninyi mlimuuliza kuhusu banda. Zizi likaingia jikoni mkiwa mnabonyeza kompyuta."

Yule wa katikati akaandika kitu. Idwal alijua, na wao walijua, kwamba aliyelibeba zizi hilo ndani ya koti ni yeye. Hilo hawakulisema, wala yeye. Lakini alirudi nalo nyumbani, na huko ndiko lilikomkalia.

Kondoo hawasubiri msiba. Waliobaki waliendelea kuzaa, na wengine kutupa, na Idwal alikuwa uani, ovaroli imelowa damu mpaka viwikoni, aliposikia gari linasimama. Alikuwa Manon, mke wa Gwern, jirani wa ng'ambo ya mto. Alishuka na sinia lililofunikwa kitambaa, na koti lake halikufungika vifungo kwa sababu ya tumbo. Tumbo lilikuwa limechomoza hasa. Idwal hakuwa na habari. Msiba ulimfanya kipofu.

"Simama hapo hapo!" alipiga kelele.

"Shemeji, ni mimi. Nimekuletea—"

"Naona ni wewe. Usishike geti! Rudi nyuma!"

Manon alisimama, mdomo wazi, machozi yanamlengalenga. "Shemeji, nimekukosea nini? Na mimi nilimpenda Heledd."

"Rudi nyuma, nasema, mpaka kwenye gari."

Alirudi, sinia bado mikononi. Idwal naye akarudi nyuma, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa banda, ua mzima ukawa kati yao. Kisha akaanza kumuuliza kwa sauti kubwa, upepo unayapeperusha maneno, na ilibidi kila swali alirudie.

"Wanakondoo dhaifu Gwern anawalaza wapi?"

"Wapi tena? Jikoni, kama watu wote."

"Nani anawapa chupa?"

"Mimi. Yeye ana muda?"

"Ovaroli yake nani anafua?"

"We shemeji una nini leo? Mimi, nani mwingine?"

"Mkunga alikuuliza hayo?"

Manon alifikiri. "Aliniuliza kama naingia bandani. Nikamwambia siingii."

Idwal alifumba macho. Alipoyafumbua alimweleza yote, kwa kupayuka, kutoka kwenye ukuta ule: taulo, uteute wa njano, mafua ambayo hayakuwa mafua, dawa zisizo zake. Hakumficha aliyemleta mwanakondoo ndani. Manon alisikiliza bila kufuta machozi, na kadiri alivyosikiliza mkono wake mmoja uliacha sinia ukaenda tumboni.

"Umepata homa yoyote?" Idwal akauliza.

"Hapana. Uchovu tu."

"Leo hii mpigie mkunga. Usingoje akuulize, maana hatauliza. Mwambie jikoni. Mwambie ovaroli. Akisema ni mafua mwambie Heledd naye alikuwa na mafua. Na Gwern afue nguo zake mwenyewe, mikono anayo."

"Nitampigia."

"Sasa hivi. Kabla hujawasha gari."

Alimpigia palepale, ameegemea mlango wa gari, na Idwal hakuondoka ukutani mpaka alipomwona anazungumza, anarudia, anakasirika, anarudia tena. Mwisho akaishusha simu.

"Wamesema niende kesho nikapimwe damu."

"Nenda. Sinia liache juu ya ukuta wa nje."

Aliliweka. "Na wewe utakula na nani, shemeji?"

"Nenda, Manon."

Gari liliposhuka na kupotea kwenye kona, Idwal alikwenda kwenye bomba, akanawa mikono kwa maji yale ya baridi mpaka ikafa ganzi. Akafunua kitambaa. Ilikuwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa na mkate wa zabibu. Nyumba ilikuwa hatua chache tu, lakini tangu Heledd afe hakuweza kukaa kwenye meza ya jikoni. Alikula amesimama, hapo hapo ukutani, vipande vya theluji vinaangukia mkate.