Upande wa Kivuli

Daktari alipoitoa bandeji ya jicho la pili, mama aliuliza kama ukuta wa chumba kile ulikuwa wa buluu siku zote. Mtoto wa jicho alikuwa amemwibia rangi kidogo kidogo kwa miaka mingi. Kazi yake ilikuwa ushonaji, na mtaani kwao alijulikana kama Mama Cherehani, lakini alikuwa ameifunika mashine yake kwa shuka tangu alipomshonea mteja gauni la kijani kwa uzi wa zambarau. Sasa rangi zilikuwa zimerudi zote kwa mpigo. Tatizo likabaki jua. Akitoka nje mchana, machozi yalimtiririka hata akiwa na miwani myeusi.

"Macho yatazoea," daktari alisema. "Kwa sasa mwepushe na mwanga mkali."

Aliyekuwa akimuuguza ni binti yake msusi, aliyeishi mjini katika chumba kimoja nyuma ya saluni. Wakati wa kurudi nyumbani ulipofika, kaka mtu akawakatia tiketi za ndege, kisha akapiga simu.

"Chagueni madirisha ya kulia," alisema. "Ndege inapita karibu na mlima. Mtaona theluji yote. Mama asikose, unanisikia?"

Msusi akafungua ukurasa wa viti kwenye simu. Vilichorwa kama visanduku, vilivyojaa vya kijivu, vilivyo wazi vya kijani. Kidole chake kilikuwa karibu kabisa kugusa kiti cha kulia alipokumbuka kuwa ndege inaondoka alasiri. Je, jua litakuwa wapi? Akachukua kitana, akakifanya ndege, akakizungusha juu ya meza huku na huku mpaka akachanganyikiwa.

Mama yake akacheka. "Kitana cha watu kimekukosea nini? Hebu tutoke."

Wakasimama mlangoni pa saluni. Ilikuwa alasiri. Mama akamwuliza nyumbani ni upande gani, na msusi akaonyesha, kule nyuma ya tangi la maji. Mama akaugeuzia uso upande huo, macho ameyafumba.

"Jua linanichoma shavu la kulia," alisema. "Na ndege si itaelekea huko huko?"

"Huko huko. Saa kama hizi."

"Basi jibu umepata."

"Lakini mlima, mama."

Ilionekana wazi kuwa mama aliutaka mlima ule. "Nitauona kwa macho gani, mwanangu? Nitakaa nimeyafumba njia nzima kama mtu anayesali. Niwekee upande wa kivuli."

Msusi akachagua viti viwili vya kushoto, nyuma kidogo ya bawa ili lisiwazibe. Kaka yake alipoambiwa, aliguna. "Mtakwenda kuhesabu mawingu."

Siku ya safari mama alikaa dirishani, kifundo cha mkono wa binti yake amekishika kama anayezuia mwizi. Ndege iliponyanyuka alisema "Yallah!" kwa sauti iliyowageuza watu wa mbele. Kisha akakiachia kile kifundo, akasogeza uso kwenye kioo. Nyumba zilikuwa zimekuwa vifungo vilivyomwagika sakafuni. Mwanga upande wao ulikuwa wa upole, na mama akavua miwani yake myeusi, akaiweka mapajani. Upande wa pili abiria walikuwa wameshusha vifuniko vya madirisha, jua likipenya kwenye mianya kama visu.

Kisha rubani akatangaza mlima. Vifuniko vikapandishwa, simu zikatolewa, na watu wa kushoto wakajaa kwenye ujia. Msusi aliona kipande cheupe tu juu ya vichwa vya watu, na roho ikamuuma.

"Nenda ukaone," mama yake alisema. "Mimi nipo, sishuki."

Akaenda. Mlima ulikuwa mkubwa kuliko alivyofikiria, theluji yake iking'aa hata akalazimika kukunja uso. Hapo akajua kuwa mama yake asingestahimili. Alirudi akitafuta namna ya kuusimulia bila kumtia uchungu.

Akamkuta mama ameweka paji la uso kwenye kioo, kiganja kimefunika mdomo. Ndege ilikuwa imeanza kushuka, na mawingu yalikuwa yamejikusanya chini yao, meupe, karibu.

"Mama? Kuna nini?"

"Kuna kitu kinatufuata," mama alinong'ona.

Msusi akainama. Juu ya mawingu ulikuwa unakwenda mviringo wa upinde wa mvua, mzima, haukukatika popote. Ndani yake kilikuwemo kivuli cha ndege yao, kidogo kama nzi, na mabawa yake na mkia wake. Wingu lilipoinuka, kilikua. Lilipobonyea, kilinywea. Rangi hazikukiacha.

"Nyekundu iko nje," mama alisema polepole, kama anayepanga nyuzi zake za kushonea. "Halafu machungwa. Njano. Kijani. Buluu ndani kabisa. Nakosea?"

"Hukosei, mama."

"Na angalia katikati yake. Si kwenye pua ya ndege. Ni nyuma ya bawa." Akagusa kioo. "Ni hapa tulipo sisi."

Mhudumu wa ndege aliyekuwa akipita na trei ya vikombe akainama kuona wanachokitazama. Akasahau trei. "Kila siku nipo humu kwenye ujia," alisema, "na sijawahi kukiona."

"Nilikuomba kivuli," mama akamwambia binti yake, machozi yakimtoka, safari hii si ya jua. "Hukuniambia ni hiki."

Ndege ikazama ndani ya wingu, kila kitu kikawa cheupe, kisha ikatokea chini, na mviringo haukuwepo. Lakini kivuli kilikuwa kimetangulia kufika ardhini. Kilikimbia juu ya mashamba na barabara, kikapanda mapaa bila kujikwaa, kikavuka mto bila kulowa. Kilizidi kukua, kikisogea kwao, sasa hata magurudumu yake yakionekana. Mama Cherehani akaweka kiganja kizima kwenye kioo, akakingojea, mpaka magurudumu yalipogusa lami, ndege na kivuli chake vikawa kitu kimoja.