Ubao wa Mkondoa

Selestina alikuwa amenuna tangu asubuhi, na haki ya kununa alikuwa nayo. Juzi mvua ilikuwa imeangusha nguzo za umeme Kilosa, kwa hiyo binti yake Devota ilimlazimu aende Mikumi, kwenye gesti ya Natalia yenye jenereta na mtandao wa kueleweka, akafanyiwe usaili wa kazi kwa kompyuta. Alfajiri Selestina alishuka mtoni kusoma kipimo cha maji, kama alivyofanya kwa miaka ishirini na sita. Akaandika kwenye daftari, akalitia mkobani, akapanda basi na bintiye. Hakualikwa.

"Mama, inaitwa postdoc," Devota alieleza njiani kwa mara ya tatu. "Ni utafiti unaoufanya ukishamaliza PhD."

"Yaani umesoma ukamaliza, sasa unaomba ruhusa ya kutomaliza."

"Ni modeli ya mafuriko ya pwani. Unaiwekea kompyuta takwimu za mto na za bahari, inakuambia maji yatafika wapi."

"Sisi wa Magomeni ya Kilosa huwa tunaambiwa na maji yenyewe. Tena hayapigi hodi."

Devota akageukia dirishani. "Hata siku ya mahafali yangu hukuja. Sijui kwa nini leo umekuja."

"Siku ile nilikuwa na kazi."

Huu ulikuwa mwaka wa pili Devota yuko nyumbani na udaktari wake. Maombi mawili ya kwanza hayakujibiwa hata kwa tusi. Majirani Selestina aliwaambia binti anapumzika, na jirani mmoja alipouliza ni daktari gani asiyeweza kutibu hata kuku, alimfungia mlango. Kazi hii aliitaka kuliko alivyoitaka Devota mwenyewe, ila angemeza jiwe kuliko kulisema hilo.

Gestini Devota alimkalisha kitandani, kona ambayo kamera haiioni.

"Naomba usiseme neno, Mama."

"Mimi mtoto?"

Kwenye kioo cha kompyuta zikatokea sura tatu. Mwenyekiti alikuwa Profesa Emanueli, amekaza tai shingoni utadhani anakwenda kufungishwa ndoa. Nyuma yake vitabu vilipangwa kwa rangi, na hapo Selestina akajua havisomwi. Wa pili alikuwa mama wa Kizungu mwenye vipokea sauti vikubwa masikioni. Wa tatu alikuwa kijana aliyekuwa akitafuna kitu na hakujitambulisha. Walizungumza Kiingereza, na Selestina alikielewa chote. Diploma yake ya maji haikufundishwa kwa Kisagara.

Devota alianza vizuri. Mkondoa unapita Kilosa, alisema, unaingia Wami, na Wami unamwaga baharini, kwa hiyo anayetaka kujua mafuriko ya pwani aanzie huku juu. Kisha akaonyesha grafu.

"Kwa miaka minne sasa vilele vya mafuriko vimeshuka kwa zaidi ya mita moja. Vijiji vya kwenye mdomo wa mto vinaweza kujengewa kingo fupi zaidi za kuzuia maji, na kwa gharama ndogo."

Profesa akaitikia kwa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyeletewa supu.

Selestina akakaza macho. Mstari ule ulipanda na kushuka kama milima ya Malolo, halafu miaka minne nyuma ukadondoka ghafla kama ngazi iliyovunjika. Ngazi hiyo aliifahamu. Mwaka ule mafuriko yalibeba ubao wa kupimia kina cha mto. Wakaja mafundi watatu na ubao mpya, Ijumaa mchana, mto umejaa hadi mapajani. Hakuna aliyetaka kulowesha suruali. Wakausimika juu ya mwamba ukingoni, mita moja na sentimita ishirini juu ya pale ulipokuwa, wakapaka saruji, wakapiga picha, wakaenda kula nyama. Tangu hapo ubao ukasoma pungufu, na Selestina aliandika barua mbili kwa ofisi ya maji. Hakujibiwa hata moja.

"Uongo!" alisema kwa Kiingereza hichohicho.

Devota akazima sauti mbio. "Mama! Unaniharibia!"

"Ubao ulihamishwa. Hizo namba umezitoa wapi?"

"Ofisini. Ndizo rasmi."

"Miaka yote unaandika habari za mto unaopita nyuma ya jiko langu, hujaniuliza hata siku moja." Akamtupia daftari mapajani. "Safu ya kwanza ni ulichosema ubao. Ya pili ni ukweli. Tafuta Aprili ya mwaka juzi."

Devota akafunua. Ubao mita 3.1, kweli 4.3. Aprili hiyo yeye mwenyewe alipandisha magodoro darini huku maji yakiingia dirishani. Aliyaona kwa macho yake, kisha akaenda kuandika kwamba yamepungua. Na grafu hiyo ndiyo iliyompa udaktari.

Sura tatu zilikuwa zikisubiri. Angefunga daftari, aseme mtandao ulisumbua, na duniani asingejua mtu.

Akawasha sauti.

"Samahani. Grafu yangu si ya kweli tangu mwaka ubao uliposimikwa upya. Kingo nilizopendekeza zingezama."

Profesa akavua miwani. "Takwimu hizo ni rasmi. Nani huyo aliyesema hapo?"

"Mama yangu. Ndiye msoma kipimo."

"Usaili huu ni wa mtu mmoja."

Selestina akasogea hadi uso wake ukajaa kwenye kioo. Safari hii alisema Kiswahili. "Profesa, Mkondoa umewahi kuuona?"

"Kwenye ramani."

"Kwenye ramani haulowanishi mtu."

Yule mama wa Kizungu, ambaye kumbe Kiswahili alikijua, akacheka hadi vipokea sauti vikamteleza. Profesa akavaa tena miwani yake, polepole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo ndiyo ungeanza nayo."

Wakarudi Kilosa kwa basi la jioni. Siku kumi na mbili baadaye barua ikaja. Devota amepata nafasi, ila kwa mwaka mmoja badala ya miwili, na kwa sharti kwamba daftari zote za mama yake zipelekwe Dar es Salaam.

"Haziendi popote," Selestina alisema. "Anayezitaka ana miguu."

Kwa hiyo Devota akaketi mezani jikoni kunakili, daftari baada ya daftari, huku mama yake akichambua mchele na kumkemea kwa mwandiko mbaya. Siku ya tatu kalamu ikasimama. Ukurasa ulikuwa wa Desemba, mwaka juzi. *Mvua tangu usiku. Ubao 2.9, kweli 4.1. Leo Devota anavaa joho. Nguo nilishanyoosha. Mto umenikatalia.*

Devota akainua kichwa.

"Soma namba," Selestina alisema, macho yake kwenye ungo. "Mambo ya watu hayakuhusu."